Majeruhi apelekwe wapi? Fikra za muuguzi juu ya mpango wa huduma za dharura Unguja na Pemba

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, mdogo wangu aligongwa na gari akiwa juu ya vespa yake katika barabara moja ya shamba, upande wa mashariki wa Unguja. Waliomuokota walikuwa watu wema. Waliisimamisha gari ya kwanza iliyopita, ambayo ilikuwa pikapu ya kuchukulia mchanga, wakamlaza nyuma juu ya makuti na kumpeleka hospitali iliyokuwa karibu zaidi. Daktari wa zamu alimpokea, akalifunga jeraha na kumtundikia dripu. Akatambua kwamba mfupa wa paja umevunjika na kwamba mshipa mkubwa wa damu huenda umeumia, na akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya pili, ambako kulikuwa na chumba cha upasuaji. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani na mgonjwa mwengine, tukalisubiri. Hospitali ya pili chumba cha upasuaji kilikuwepo kweli, lakini mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuwa zamu usiku ule, tukaelekezwa hospitali ya tatu. Mimi ni muuguzi, na kwa mazoea ya kazi nilikuwa nikiitazama saa. Tangu alipogongwa hadi alipoingizwa thieta zilipita saa tano na dakika 20. Mguu uliokatikiwa na damu hauvumilii zaidi ya muda wa saa sita hivi, na upasuaji wa kuuunga mshipa peke yake ungechukua muda wake. Mdogo wangu yu hai, alhamdulillahi. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Nimeyapitia matukio ya usiku ule mara nyingi, kituo baada ya kituo, nikimtafuta mtu wa kumlaumu, na sikumpata. Dereva wa pikapu alikwenda mbio, daktari wa kwanza alifanya yote aliyoweza kuyafanya kwa vifaa alivyokuwa navyo, na wauguzi wa hospitali ya pili walisikitika nasi. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukitengeneza peke yake, nacho ni makubaliano yaliyofanywa kabla, mchana, na watu waliotulia, juu ya majeruhi wa namna gani anapelekwa wapi, na nani mwenye kujua saa hiyo hiyo ni thieta ipi ina daktari, mtaalamu wa usingizi na damu. Kama mtu mmoja mwenye simu angelikuwa na habari hizo, mdogo wangu angelipelekwa moja kwa moja hospitali ya tatu, safari ambayo kwa barabara zetu isingelizidi muda wa saa moja na nusu.

Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwa kuwa kila inapotajwa haja ya mpango wa huduma za majeruhi kwa nchi nzima, mazungumzo hukimbilia majengo na magari. Majengo tumeyajenga. Katika miaka michache tu tumepata hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, na mwaka 2023 ikafunguliwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Lumumba mjini. Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Katika hospitali kongwe ya Mnazi Mmoja, nayo ya mjini Unguja, tunayo taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo tangu mwaka 2014, iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED kutoka Uhispania. Hizi ni neema kubwa, na mtu aliyefanya kazi enzi za vituo vya afya vilivyokuwa na taa ya kandili anazijua thamani yake. Lakini milango ikiwa mingi, kuchagua mlango kunakuwa kugumu zaidi. Zamani kila mtu alijua kwamba aliyeumia vibaya anapelekwa Mnazi Mmoja tu. Leo dereva mwenye majeruhi nyuma ya gari anapita hospitali mbili njiani, na kwa moyo mwema anaingia ya kwanza.

Kuna uchunguzi mmoja wa Marekani ambao kila mpangaji wetu anapaswa kuujua. Mwaka 1979 Donald Trunkey na madaktari wenzake wawili walizichunguza rekodi za maiti za watu waliofia hospitali baada ya ajali za magari katika sehemu mbili za California. San Francisco majeruhi wote walipelekwa katika hospitali moja iliyotayarishwa kwa kazi hiyo. Orange County kila majeruhi alipelekwa hospitali iliyo karibu naye. Ukiwaweka kando walioumia kichwa na uti wa mgongo, thuluthi mbili hivi ya vifo vya Orange County vilionekana kuwa vingeliweza kuzuilika. San Francisco kilionekana kifo kimoja tu cha namna hiyo. Na waliokufa Orange County walikuwa vijana zaidi, tena wenye majeraha mepesi kuliko wale wa San Francisco. Hospitali zilikuwepo, madaktari walikuwepo na pesa zilikuwepo. Kasoro ilikuwa katika ile kanuni ya kupeleka mtu pa karibu.

Wenzetu wa Maryland, jimbo jengine la Marekani, walilifahamu jambo hili mapema. Daktari R Adams Cowley alianza Baltimore, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitengo cha vitanda viwili tu vya kuwatibu na kuwachunguza watu walioishiwa na damu, na ndiye aliyeueneza usemi wa saa ya dhahabu, yaani ile saa ya mwanzo ambayo majeruhi anaweza kuokoka akitibiwa ipasavyo. Mwaka 1970 helikopta za polisi wa jimbo zikaanza kumletea wagonjwa, na mwaka 1973 gavana Marvin Mandel alitoa amri iliyoziweka huduma za dharura za jimbo zima chini ya utaratibu mmoja. Illinois ilikwisha kuanza mwaka 1971, ikazipanga hospitali zake kwa daraja. Watu wakiisikia habari ya Maryland huikumbuka helikopta. Mimi naona kilichofaa zaidi ni kile chumba cha mawasiliano, ambamo mtu mmoja alikuwa akisikilizana kwa redio na aliye barabarani na aliye hospitali kwa wakati mmoja. Helikopta hatuna haja ya kuiota. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na kutoka Nungwi au Makunduchi hadi mjini, barabara ikiwa tupu, ni mwendo wa saa moja na kidogo. Tatizo letu si umbali wa nchi kavu.

Kwa hivyo, kama ningeliulizwa shilingi ya kwanza ya mpango huu iwekwe wapi, ningelisema iwekwe katika chumba kimoja Unguja na chumba kimoja Pemba, chenye namba moja ya simu isiyolipiwa, na watu wa zamu usiku na mchana ambao kazi yao pekee ni kupokea habari na kuamua. Jambo hili si geni kwetu. Mfumo wa m-mama, ulioanzishwa kwa ajili ya kina mama wajawazito na watoto wachanga, unafanya kazi kwa namna hiyo hiyo: kituo cha afya kinapiga simu, aliye katika chumba cha mawasiliano anafuata utaratibu ulioandikwa kuamua mgonjwa apelekwe wapi, na gari la wagonjwa likiwa halipo anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa na kufundishwa, ambaye hulipwa ujira wake kwa njia ya simu. Aliyevunjika paja barabarani anahitaji kitu hicho hicho, pamoja na ubao mmoja ukutani, au kioo cha kompyuta, unaoonesha kila baada ya saa chache hali ya kila hospitali: thieta iko wazi au la, mtaalamu wa usingizi yupo au hayupo, chupa ngapi za damu ya kundi O zimo katika friji, eksirei inafanya kazi, mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili inafanya kazi. Asubuhi na jioni kila hospitali ipige simu na kusema ukweli. Nasisitiza neno ukweli, kwa kuwa mara nyingi tunaona haya kusema kwamba mashine imeharibika, na haya hiyo hulipwa na mgonjwa.

Mtu wa simu awe na mamlaka. Akisema huyu aipite hospitali ya wilaya aende Lumumba au Mnazi Mmoja, dereva aende, na hospitali inayompokea isiwe na ruhusa ya kumrudisha. Pia iandikwe wazi kwamba fomu ya polisi, PF3, itajazwa baadaye. Majeruhi anayetokwa na damu atibiwe kwanza, na askari aje kitandani na karatasi yake.

Sasa nije Pemba, ambako nilizaliwa na ambako nimefanya kazi miaka mingi zaidi ya maisha yangu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 543,441 kati yao wako Pemba. Mipango mingi ninayoisikia huichora Pemba kama wilaya ya mbali ya Unguja, ikidhani kwamba aliyeumia sana atavushwa. Boti ya kasi huchukua zaidi ya muda wa saa mbili, haiondoki kila wakati, na Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi si njia ya kumpitisha mtu mwenye mbavu zilizovunjika. Boti haimsubiri mgonjwa, wala mgonjwa hawezi kuisubiri boti. Kwa hivyo Pemba ni lazima ipangwe kama mfumo unaosimama wenyewe, wenye hospitali moja inayojulikana na kila dereva kuanzia Konde hadi Mkoani kuwa ndiyo ya majeruhi wazito, na humo kila usiku wawepo watu wanaoweza kuzuia damu tumboni, kuingiza mrija kifuani, kutoboa fuvu ili kutoa damu inayougandamiza ubongo, kuushikilia mfupa kwa vyuma vya nje, na kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi iliyo salama. Si lazima kila kitu kimalizwe hapo. Daktari wa Pemba aizuie damu na kulisafisha jeraha, na kazi ya kuunga mifupa kwa ustadi ifanyike Unguja baada ya siku mbili tatu, mgonjwa akiwa ametulia na bahari imetulia. Hapo ndipo ndege na boti zinapofaa.

Na ndani ya Pemba pana Pemba nyengine. Mtu wa Kojani, Fundo au Kisiwa Panza anaanza safari yake katika mashua, kama vile huko Unguja mtu wa Tumbatu anavyovuka kwenda Mkokotoni. Wakati wa bamvua maji yakitoka hutoka mbali, chombo hakifiki ufukweni, na majeruhi hubebwa mabegani juu ya matope. Kisiwa cha Uzi, kusini ya Unguja, kwa miaka mingi barabara yake ilikuwa ikifunikwa na bahari kila maji yanapojaa. Mtu anayeandaa mpango akiwa mbele ya ramani ya barabara peke yake hayaoni haya. Ningeliomba katika kila chumba cha mawasiliano ibandikwe kalenda ya maji kujaa na kutoka, na majina ya manahodha wa kila kisiwa kidogo waliokubali kuamshwa usiku, na mafuta yao yalipwe na mfumo. Machela zinazoelea, zenye mikanda ya kumfunga mtu asiteleze, zinaweza kuwekwa kwa sheha wa kila kisiwa.

Bahari ina fundisho jengine, zito kuliko haya. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Sitaki kuamsha huzuni za nyumba ambazo hadi leo hazijapata maiti za kuzika. Nataka kusema tu kwamba katika msiba wa kwanza zaidi ya watu 600 walitolewa majini wakiwa hai, na idadi kama hiyo ikifika ufukweni kwa mpigo hakuna hospitali inayoweza kuipokea bila ya kujua la kufanya. Upambanuzi wa majeruhi kwa rangi, nyekundu kwa wa sasa hivi, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa aliyekwisha kuondoka, ni kazi ya mikono na sauti inayohitaji kufanyiwa mazoezi na KMKM, yaani kikosi chetu cha kuzuia magendo, Zimamoto na Uokozi, polisi na hospitali wakiwa pamoja, angalau mara moja kwa mwaka, katika bandari ya Malindi mjini Unguja na ya Mkoani Pemba. Wavuvi wawemo katika mazoezi hayo, kwani siku zote ndio wanaotangulia kufika.

Kuhusu mikono ya mwanzo nina mengi, kwa sababu majeruhi wetu wengi huharibikiwa zaidi katika dakika za kuokotwa. Msimu wa karafuu kila muuguzi wa Pemba anajua atapokea waliopomoka. Mkarafuu mkongwe unaweza kupita mita 12, mchumaji yumo juu katika tanzu nyembamba, na akianguka huvunja uti wa mgongo, nyonga, au visigino. Wenzake humnyanyua kwa makwapa na miguu, mwili ukakunjika katikati, na uti ambao pengine ulikuwa umepasuka tu ukasogea na kuukata uzi wa fahamu. Si kosa lao, hawakufundishwa na mtu. Muda wa saa mbili unatosha kuwafundisha wachumaji wa shamba moja kumgeuza mtu kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa, na kumlaza juu ya mlango au ubao. Muda wa saa nyengine mbili unatosha kuwafundisha madereva wa daladala na vespa kulikandamiza jeraha linalovuja kwa kiganja bila kuachia, na kufunga nyonga iliyovunjika kwa kikoi kilichokunjwa upana wa shibiri moja, kikazungushwa usawa wa vichwa vya mapaja na kukazwa vizuri. Kikoi hicho, kikifungwa mahali pake, hupunguza damu inayomwagikia ndani ambako jicho haliioni. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wamo tayari ndani ya shehia zetu, na wanaaminiwa. Wao ndio walimu.

Nawaongeza na mafundi wa kuunga mifupa. Wengi katika taaluma yangu hawapendi kuwataja, lakini wagonjwa huwaendea, na baadhi ya viungo walivyovitengeneza vimepona vizuri. Madhara niliyoyaona yametokana hasa na kufunga mabanzi kwa kukaza mno mpaka vidole vikawa baridi na vyeusi, na kushughulikia mfupa uliotoka nje ya ngozi. Wakialikwa kwa heshima na kufundishwa dalili tatu au nne za kumtoa mgonjwa haraka, nina hakika watatusaidia, kwa kuwa na wao wanaogopa kuharibikiwa na mtu mikononi mwao.

Katika dawa nitaitaja moja, asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke miaka ya 1960. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2010, yenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, yalionesha kuwa inapunguza vifo vya wanaotokwa na damu, na uchambuzi wake wa mwaka 2011 ukaonesha kuwa inafaa ikitolewa ndani ya muda wa saa tatu tangu kuumia, na kwamba ikicheleweshwa haifai, bali inaweza kudhuru. Bei yake ni ndogo. Inapaswa kuwemo katika kila gari la wagonjwa na kila kituo, pamoja na saa ya kuumia kuandikwa juu ya mkono wa mgonjwa kwa kalamu isiyofutika. Damu yenyewe ina shida ya kalenda: chupa ya damu huhifadhiwa kwa siku 35 hivi, wanafunzi wa skuli ndio tegemeo letu kubwa, na wakati wa likizo na Ramadhani uchangiaji hushuka. Uchangiaji wa baada ya tarawehe, msikitini au barazani, ni jambo ambalo Benki ya Damu na maimamu wanaweza kulipangia ratiba ya mwaka mzima.

Daftari la majeruhi nalo liwepo, moja kwa visiwa vyote, likiandika saa ya kuumia, chanzo, chombo kilichomleta, saa ya kila mlango alioupitia, na mwisho wake. Kila mwezi wakutane waliomhudumia aliyekufa au aliyebaki na ulemavu, wasome safari yake kwa sauti, bila ya kutafuta wa kuadhibiwa. Safari ya mdogo wangu haikuandikwa popote ila katika kichwa changu.

Fedha za kuendesha haya, mafuta, simu na mishahara ya zamu, zinaweza kuanzia katika bima ya lazima ya vyombo vya moto: fungu dogo la kila stika likatwe na kupelekwa moja kwa moja katika mfuko wa huduma za dharura. Mwenye gari atalikubali, kwa kuwa naye hupita barabara hiyo hiyo.

Limebaki jambo ambalo wapangaji wengi huliacha nje kwa sababu halina king'ora. Mchumaji mmoja wa karafuu niliyemuuguza alipooza kuanzia kiunoni. Alikaa wodini wiki tisa, akaruhusiwa, na mkewe akafundishwa asubuhi moja tu namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kumtoa mkojo kwa mpira safi, na kumnyoosha miguu isikakamae. Nilimtembelea mwezi wa tatu baadaye. Kidonda cha makalio kilikuwa kimefika mfupani, godoro lilikuwa la sufi iliyokwisha kushikana, na kigari cha magurudumu alichopewa hakikuweza kupita katika mlango wa nyumba yake. Upasuaji wake ulikuwa mzuri sana. Nilikuwemo thieta siku hiyo. Mpango wa nchi nzima umuweke mtu huyu katika ukurasa wake wa mwanzo, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kila wilaya atakayekwenda kwao kwa pikipiki mara mbili kwa wiki, godoro linalofaa, na fundi seremala wa kuutanua mlango kabla hajatoka hospitali.